Nuno na Maji ya Mei

Odete, uko? Nuno amefariki. Nuno wetu. Naandika na siamini.

Leo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvua baharini kwa kayaki. Dada yake Delfina ndiye aliyekuwa anamfundisha, pale mto Westport unapoingia baharini. Jua lilikuwa kali, lakini maji ya Mei huku kaskazini unayajua, barafu tupu.

Delfina akamwambia, "Vaa jaketi la kujiokolea." Nuno akacheka: "Dada, linanibana. Nitalikalia."

Akalikalia kweli! Odete, alilikalia!

Akanasa samaki mkubwa, besi wa mistari. Akainama upande mmoja amvute, kayaki ikapinduka. Jaketi likaelea zake.

Delfina alimfikia upesi na kayaki yake, akamkamata mkono. Lakini baridi ilikuwa imeshamkata pumzi, hakuweza kupanda, na mkondo unawavuta kwenda bahari kuu. Akamshikilia mpaka vidole vikafa ganzi. Vikafa ganzi, Odete. Nuno akamponyoka.

Walinzi wa pwani wameuleta mwili sasa hivi.

Mama yao ameuliza, "Mwanangu alisema nini mwisho?" Delfina akamjibu, "Alikutakia amani, mama."

Mimi ameniambia ukweli jikoni, kaning'ang'ania shingoni. Nuno alisema, "Dada, usiniachie."