Baba, Usiliwashe Hilo Gari

Baba, usiliwashe gari! Panda pikipiki uje hospitali mbio. Simu yako umeiacha inalia chumbani, ndiyo maana naandika.

Dada kashikwa na uchungu asubuhi hii. Nilipokanyaga mafuta pale kilimani, gari likarukaruka kama mbuzi, likagoma. Tumelirudisha kinyumenyume. Nimechomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi: oili nyeusi, inanuka kuungua. Baba, umejazia ya injini! Fundi mkuu wewe! ~~Sikusamehe.~~ Fundi wa kweli ataimwaga yote aweke inayofaa, lakini si leo.

Jirani anatupeleka na pikapu yake, anapiga honi. Daktari alisema Dada huenda akahitaji damu, na inayomfaa ni yako. Ukikwama kilimani, tumekwisha.

Leo tu, Baba, usitengeneze kitu. Njoo.

Kitindamimba wako