Mama Mkwe Uliyeniogesha Igogo

Mama mkwe,

Shikamoo. Nakuamkia kwa maandishi, nikijua marahaba yako sitaisikia tena.

Kabla sijaugua tulikuwa tukisalimiana kwa mbali. Nikija kwako Magu, ulijifunika kanga ukapitia mlango wa nyuma, na chakula changu kikaletwa na shemeji zangu. Ndivyo mkwe anavyoheshimiwa kwenu na kwetu, na mimi niliipenda heshima hiyo. Nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha pamba, mtu wa shati lililopigwa pasi.

Kisha kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, wengi wetu tukapunguzwa, na kabla mwaka haujaisha miguu yangu ikafa ganzi. Hospitali wakasema ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Wakanipa dawa za miezi mingi, wakaniambia nikalale nyumbani kwetu Igogo, hapa Mwanza. Rejina, binti yako, alikuwa ameanza kuuza mitumba soko la Mirongo. Akibaki kuniuguza, hatuli. Ndipo akakuita bila kuniuliza.

Nilipokuona mlangoni na kikapu chako, niligeukia ukutani. Nilikuwa nimelowa tangu asubuhi. Nikamwambia Rejina, "Mrudishe mama. Afadhali nioze."

Ukajibu wewe mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza kusema nami ukiwa karibu: "Baba Masalu, nimekuja kuuguza mtu. Inua mkono nikuvue hilo shati."

Uliniogesha. Nilifumba macho kama mtoto anayedhani akifumba haonekani. Ulinifuta kila mahali, ukafua mashuka, ukayaanika juu ya mawe nyuma ya nyumba, majirani wakiona. Dawa ziliugeuza mkojo wangu ukawa na rangi ya machungwa, na wewe ndiye uliyekuwa ukiumwaga.

Lakini kilichonitesa zaidi ni sala zako. Kila jioni ulipiga magoti kando ya kitanda ukamshukuru Mungu kwa sauti, tena kwa mambo ambayo sikutaka hata wewe uyajue. "Asante Baba, leo amemaliza uji. Asante, leo amepata choo." Uso uliniwaka. Mimi nilikuwa nimeacha kusali tangu nipunguzwe kazi, sikuona cha kushukuru. Na sasa mama mkwe wangu anamtajia Mungu choo changu.

Siku moja nikakwambia, "Mama, hayo mengine si ungeyaacha?"

"Nimwambie yapi basi?" ukaniuliza. "Ndiyo aliyotupa leo."

Wiki kadhaa baadaye kidole gumba cha mguu wa kushoto kikacheza. Ulikuwa umekwenda kuchota maji, nami peke yangu ndani. Nikashtukia nimesema, "Asante Baba, kidole." Niliona aibu, ingawa hakuna aliyenisikia. Kesho yake nikasema tena, na nikaendelea kusema hata siku ambazo hakikucheza.

Nilipoanza kutembea kwa fimbo, ulirudi Magu. Nilipokuja kukusalimia nikiwa mzima, ulijifunika kanga ukapitia mlango wa nyuma. Nilielewa. Ulikuwa unanirudishia heshima yangu, nami nikaipokea kimya kimya, miaka yote hii, bila kukushukuru, kwa sababu kukushukuru kungekuwa kutaja ulichokiona.

Juzi tulikuzika. Wakwe tukaombwa tuseme neno. Nikasimama kwa miguu hii, nikasema ulikuwa mtu wa heshima, na kwamba wewe na mimi hatukuwa na mazoea ya kuzungumza. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikakaa, na aibu niliyoiona pale ilizidi ile ya kitandani.

Kwa hiyo naandika ili wote wasome: mama huyu aliniogesha. Alimwaga mkojo wangu, kisha akapiga magoti akamshukuru Mungu kwa ajili yake. Na mimi nikapona.

Asante, mama. Lala salama.

Mkweo,
Baba Masalu