Fungu la Mgeni

Pikine,
Siku tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani

Kwako Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nazo ni nyingi kwa sababu ni za siku zote hizi ambazo njia ya kuja kwako imefungwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza maumivu na kisima hakijaanza kutoa maji ya chumvi. Na Baba mdogo Samba je? Kikohozi chake bado ni kile cha tumbaku, au nianze kuogopa? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Watoto hawaendi shule mwezi wa pili sasa, na makelele yao yanatosha kijiji kizima. Mume wangu Moussé hajambo, ila gari lake la abiria limeegeshwa ukutani na kuku wa jirani wanataga chini yake. Mama mkwe hajambo kidogo. Habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Najua utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Ni yeye aliyetaka niandike. Alisema kwenye simu nitalia, nawe utanisamehe kabla sijamaliza kusema. Kwa hiyo soma mwenyewe, Mama, kwa ile miwani uliyopewa kwenye darasa la kina mama, wala usimpe Samba akusomee.

Tangu barabara za kutoka mkoa hadi mkoa zilipofungwa kwa magari ya abiria kwa sababu ya ugonjwa huu, Moussé hajabeba abiria hata mmoja wa Louga. Siku ya mwisho ya kazi alirudi na gunia moja la mchele wa chenga, akalitua jikoni, akasema hajui lingine litatoka wapi. Mama mkwe akaniita, akaniambia nilisimamie gunia lile, maana ndilo roho zetu sote. Lakini yeye ni Diop na mimi ni Ndiaye, na wewe unajua Diop na Ndiaye ni koo za watani, hawawezi kuachana hivihivi. Akaongeza kwamba kumpa Ndiaye ulinzi wa mchele ni kumpa paka ulinzi wa samaki. Nikamjibu kwamba heri paka, atakula samaki na kuacha kapu, kuliko Diop ambaye hula na kapu lenyewe. Tukacheka. Miaka kumi na moja ya ndoa yangu tumeishi hivyo, kila mmoja akimwita mwenzake mlafi wa wali, na sijawahi kusikia kwake neno lingine baya.

Basi nikaanza kubana matumizi. Soko la huku likawa linafunguliwa siku moja na kufungwa siku moja, na siku ya kufunguliwa watu wanasukumana kana kwamba ugonjwa nao umepumzika. Mimi nikawa nawahi asubuhi, nanunua palepale mlangoni na kurudi. Vingine nachukua kwa Diallo, ambaye sasa anauza kupitia nondo za dirisha na amefunga kamba mbele ya duka ili tusimkaribie. Mafuta nilinunua ya kifuko, nyanya ya kopo kijiko kimoja kimoja. Kitunguu nilikikata nusu, nusu ya leo na nusu ya kesho. Kahawa ya asubuhi niliichemsha mara mbili, na ya mara ya pili nikawaambia ni dawa. Samaki wakubwa nikaachana nao, nikahamia kwenye yaboi, wale wadogo wenye miiba kama sindano. Diallo akanitania kwamba nimekuwa mkono wa birika, eti siku hizi nikinunua chumvi natamani kuihesabu punje. Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba, apime chumvi yangu aache maneno. Nilijisikia mwanamke hodari kweli.

Sasa nifike kwenye fungu la mgeni. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba chungu kisicho na fungu la mgeni kimepikwa na mchoyo, na hapa kwa mama mkwe niliikuta sheria ni ileile. Kila mchana, kabla ya kupakua kwenye sinia letu, nilitia wali na samaki na boga na muhogo kwenye bakuli lenye kifuniko, na mama mkwe akalichukua chumbani kwake kumtunzia atakayebisha hodi. Jioni bakuli lilirudi tupu. Sikuwahi kuuliza nani kala. Nilidhani huwapa wapita njia kwenye mlango wake wa nyuma.

Lakini mgeni gani atakuja siku hizi? Watu wanasalimiana kwa mbali kama wanaodaiwa. Siku ya nne ya kubana huko nikapunguza konzi mbili za mchele kwenye chungu, na bakuli sikulijaza. Tulipokaa kwenye sinia, mama mkwe akatazama huku na huku, akauliza kwa upole kama bakuli la mgeni limesahaulika. Nami, Mama, unaujua mdomo wangu. Nikasema mgeni hayupo, amefungiwa kwao, labda kuna Diop hapa anataka kula mara mbili na kumsingizia mgeni. Moussé alicheka mpaka wali ukampalia. Watoto wakacheka. Mama mkwe naye akacheka, akasema Ndiaye amenipata leo. Hakuuliza tena.

Huo ulikuwa utani, na utani haukasirikiwi. Ndiyo sheria yake, na ndiyo iliyomfunga mdomo.

Baada ya wiki mbili niliona pete yake inazunguka kidoleni. Akaihamishia kidole cha kati. Kitambaa alichojifunga kiunoni kikawa kinamteleza, anakipiga fundo. Kwenye sinia ni yeye anayetugawia, kama wewe unavyofanya: anamega samaki, anamsukumia huyu, anamsukumia yule, halafu yeye anachukua matonge mawili matatu na kuinuka wa kwanza, kwamba ameshiba. Nilidhani ni uzee, au hofu ya haya mambo ya redioni. Nikisema kweli yote, nilifurahi kidogo. Nilisema moyoni kwamba angalau mmoja katika nyumba hii anajua kubana.

Juzi Jumatatu akaanguka bombani na ndoo yake. Majirani waliokuwa foleni walirudi nyuma wote, hakuna aliyemgusa. Nilimwinua peke yangu, Mama, na alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeshasema nyumba ya Moussé Sarr imeingiwa na ugonjwa, na Diallo akanipa sabuni kwa kuisukuma na fimbo.

Moussé alimpeleka zahanati kwa miguu, mimi nyuma yao. Muuguzi akampima joto, hana. Akamsikiliza kifua, kisafi. Akamuuliza anakula nini, nikajibu mimi kwamba anakula tunachokula sote, sinia moja. Muuguzi akamwomba afungue mdomo. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba mama mkwe amebakiwa na meno manne, yote ya mbele, yale ya kuchekea. Nyuma hamna kitu, fizi zimevimba. Muuguzi akageuka akatuambia kwamba bibi huyu hana ugonjwa wowote wa kuambukiza, bibi huyu ana njaa. Moussé alimwomba arudie. Akarudia. Sijawahi kumwona mume wangu akitazama chini vile.

Tulipofika nyumbani niliingia kumtandikia kitanda. Chini yake nikakuta lile bakuli la mgeni, limeoshwa limefunikwa, na kando yake kijiko na mchi mdogo wa mbao, ule wa kutwangia pilipili. Nilikaa sakafuni. Nilielewa yote pale pale. Kwenye sinia la watu saba wenye meno yeye hakuweza kwenda na mwendo wetu, na alikuwa na haya ya kusema. Kwa hiyo alitugawia sisi, akainuka, akaenda kuuponda wali wa mgeni taratibu chumbani kwake akala. Miaka yote ile mgeni alikuwa yeye.

Hapo Moussé alinilaumu kidogo na kujilaumu sana. Akasema ni hali ya dunia, nilikuwa nataka gunia lifike mbali. Nami nikamwacha aamini hivyo. Kwa sababu gunia, Mama, halikufika mbali zaidi hata kwa siku moja. Zile konzi mbili sikuziacha guniani. Kila mchana nilizitia kwenye ndoo chini ya kitanda changu.

Unakumbuka uliponiambia kwenye simu kwamba gulio lenu limefungwa, karanga zako hazina mnunuzi, na mnakula uji wa mtama mara moja kwa siku? Ulisema ukicheka. Mimi sikucheka. Kesho yake ndiyo ilikuwa ile siku ya nne. Mfuko wa mchele uliokuletea dereva wa lori la vitunguu, ule uliosema umepikwa ukawa mtamu, ukaniombea dua mimi na mkweo, ukasema nyumba niliyoolewa ni nyumba ya watu wakarimu, mfuko ule haukutoka kwa Moussé, wala mama mkwe hakujua kama upo. Ulitoka kinywani mwake. Ningeweza kumwomba. Najua angenipa. Lakini niliona aibu mama yangu aonekane na njaa mbele ya wakwe, nikaona afadhali kuiba.

Jana nilimweleza yeye mwenyewe, tukiwa wawili, nikimtolea miiba samaki. Nilimwambia juu ya ndoo na lori na kila kitu. Alimaliza tonge lake. Kisha akauliza kama wewe una meno. Nikasema unayo, yote isipokuwa moja. Akasema basi atakuwa ameula vizuri.

Baadaye akaniambia nikuandikie. Alisema hataki kuingia mwezi wa kufunga na jambo hili limelala ndani ya nyumba, na kwamba mkwe mwenzake asile kitu asichokijua kilikotoka. Moussé nitamwambia leo usiku baada ya sala, nimeshaahidi. Atanikasirikia, na ana haki.

Bakuli limerudi. Nalijaza kabla ya sinia, wali mlaini na boga lililopondwa, na mama mkwe anakula mbele yetu sote bila kujificha. Pete bado iko kidole cha kati. Lakini hanitanii tena. Zamani nilikuwa Ndiaye mlafi, Ndiaye mla chungu, tangu alfajiri. Sasa ananiita Ndella, kwa adabu, na nikimpa maji ananishukuru.

Barua hii itakuja na dereva yuleyule wa vitunguu. Amebeba pia kilo tano za mchele, alizokufungia mama mkwe kwa mkono wake, nami nilikatazwa kushika hata kamba. Anakusalimu sana. Anasema ninyi akina Faye hamna utani na yeye kwa hiyo hana la kukutukana, anakutakia tu mfungo mwema. Na amenisisitiza nikuandikie neno hili kama alivyolisema: mchele ule wa kwanza ameuhalalisha, uliobaki na uliokwisha kuliwa, nawe uule kwa moyo mweupe. Kuhusu mimi hakusema kitu, nami nimeogopa kumwuliza.

Nisalimie Baba mdogo Samba, na Dieynaba wa jirani, na wote wanaoniulizia. Watoto wanakubusu mkono. Niombee, Mama, safari hii kwa jina langu peke yangu.

Ni mimi mwanao,
Ndella Ndiaye