Nusu Sekunde ya Baba

Delfzijl, 9 Aprili

Kaka Douwe,

Mvua imekatika, na Mama bado anapika supu ya njegere ya watu wanne. Kila jioni natoka uani na darubini na saa ya Baba ya kupimia sekunde. Kipande cha roketi kuukuu kinachozunguka angani kikipita karibu na nyota tuliyopangiwa, nabonyeza saa, kisha natuma vipimo kwa jina la Baba. Unakumbuka alivyochelewa kubonyeza, nusu sekunde daima, na mimi niliyewahi ukiniita kidole chepesi?

Jana mzee Gerlof, anayekusanya vipimo vyetu, kaandika: “Mwambie baba yako bado anachelewa nusu sekunde ileile. Tumeshamzoea.”

Sijamwambia kwamba tulimzika Februari, bila wewe.

Njoo, Douwe. Kidole ni changu. Nusu sekunde si yangu.

Dada yako,
Hiske