Mlango wa Bwawa Niliouchomelea

Jumanne, Yoba, Gitega. Mvua tangu alfajiri, na nina hasira mpaka chai imenishinda.

Jana nilikuwa Muyinga kumsalimia dada yangu Mwajuma. Nyumba yake iko bondeni, chini kabisa ya lile bwawa la udongo linalomwagilia mpunga. Nafika, nakuta askari wamechimba handaki juu ya tuta la bwawa. Juu ya tuta lenyewe! Eti pale wanaiona barabara vizuri. Mvua inajaa handakini, inazama kwenye udongo, na upande wa nyumba za watu maji yanachuruzika.

Yangekuwa safi, ningesema tuna muda. Yalikuwa mekundu, yanatoka na udongo. Tuta linaliwa kutoka ndani.

Nikamkimbilia shefu, mkuu wa mradi wa bwawa, na shati lake la pasi katikati ya vita. Nikamwambia tupunguze maji leo leo.

"Mpunga iko kwenye maua, fundi. Nikitoa maji watu watakula nini?" Halafu akacheka. "Na ule mlango, si we uliufunga?"

Hapo akanimaliza.

Ni kweli. Kiangazi kilichopita watu walikuwa wanafungua mlango wa maji kwa siri, kila mtu anavuta maji shambani kwake, mpaka wakafika kutishiana mapanga. Shefu akaniita niuchomelee kabisa. Nikauchomelea, kazi safi, nikajisifu. Sikuuliza siku ya hatari maji tutayatoaje. Fundi mzima, sikuuliza!

Nikamsihi Mwajuma ahamie mlimani na watoto. Akaendelea kupepeta maharage yake.

"Mi nimekimbia risasi mara mbili, mdogo wangu. Kila nikirudi, mbuzi hakuna, mabati hakuna. Leo nikimbie hata maji?"

Nikampigia kelele. Mimi, kumpigia kelele dada yangu mkubwa mbele ya watoto wake! Kisha nikawahi lori la mwisho kabla barabara haijafungwa kwa usiku, maana vifaa vyangu viko huku Gitega.

Nina hasira na wale askari. Nina hasira na shefu na pasi yake. Lakini wallahi, anayenichoma kuliko wote ni huyu fundi anayeandika.

Msumeno wa chuma nimeshauweka kwenye begi, na tindo, na nyundo. Leo malori hayakutoka kwa mvua; kesho napanda la kwanza, naenda kuukata ule mlango. Kibali sina. Askari wakiniona nimeinama pale, sijui watanifanya nini, na naogopa, sitadanganya.

Jana Mwajuma alinisindikiza mpaka barabarani, kelele zangu ameshazisamehe. Akanishika mkono.

"Ule mlango si ni we ulitengeneza? Basi mi nalala bila wasiwasi."

Nilishindwa kumwambia kuwa haufunguki tena.