Uswidi Hakuna Balozi wa Nyumba Kumi

Jumapili, Kilindoni. Mvua imekoma baada ya ibada, majani ya minazi yanadondosha maji juu ya bati, nami nina kinyongo.

Naomba radhi tangu mwanzo. Wamisionari walionilea walinifundisha kutomdharau mtu yeyote, na kwa miaka mingi nimejitahidi. Leo nimeshindwa.

Jambo lenyewe ni hili. Neema, binti yangu wa pekee, ni muuguzi nchini Uswidi. Mama yake alipofariki, alinichukua nikamalizie uzee wangu kwake. Nilikaa majira yote ya baridi, kisha nikaomba ruhusa ya kuja kusafisha kaburi la marehemu. Safari ya kurudi ni Alhamisi, na Neema anataka kujua kama nitasafiri au nitabaki huku moja kwa moja.

Nilikwenda kwa moyo mweupe. Kabla sijastaafu nilikuwa karani kwenye lango la Hifadhi ya Bahari, pale Utende, na watu wa nchi zile niliwapokea mimi. Wakishuka garini walinishika mkono kwa mikono yao miwili, wakauliza habari za mke wangu, wakawakumbatia wavuvi wasiowajua. Niliamini kwamba hao ndio watu.

Kumbe uchangamfu ule ni vazi la likizo. Wakifika kwao hulikunja wakaliweka kabatini.

Siku ya pili baada ya kufika nilimwuliza Neema anakokaa balozi wa nyumba kumi, ili nikajitambulishe. Alicheka.

"Baba, huku hakuna balozi."

"Basi mgeni anajulikanaje?"

"Hajulikani."

Nilidhani anatania. Alipokwenda kazini nilivaa suti yangu ya kanisani, nikafunga tai, nikapita mlango kwa mlango katika jengo lile. Niligonga, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha misheni jina langu, nilikotoka, na kwamba mimi ni baba yake Neema wa ghorofa ya tatu. Milango miwili tu ilifunguka, kwa upana wa kiganja. Kwingine nilisikia nyayo zikija, zikasimama, na kitundu cha kuchungulia kikaingia giza. Mtu alikuwa akinitazama, wala hakusema kitu.

Jioni tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye lango la chini. Neema alinisomea huku uso umemshuka: mtu asiyejulikana anapita akigonga milango, wakazi wawe waangalifu. Kwa kuwa sipendi kumtia mtu hofu, asubuhi yake nilipita tena milango yote, kuomba radhi kwamba mtu huyo ni mimi.

Msimamizi wa jengo alimpigia Neema simu kazini.

Jirani wa mlango unaotazamana na wetu ni mwanamume mwenye mabega ya kupakua mizigo bandarini. Kila nilipotoka nilimsikia nyuma ya mlango, ameshika kitasa, akingoja nimalize ngazi ndipo naye atoke. Jitu zima, mniwie radhi kwa neno hilo, linajificha lisije likaulizwa habari za asubuhi. Watoto wa kisiwa jirani cha Bwejuu nao hujificha akija mgeni. Lakini wao ni watoto, na baada ya muda mfupi hutoka.

Hali hiyo wenyewe huiita heshima. Wanasema kila mtu aachiwe nafasi yake. Nafasi ya namna hiyo sisi huichimba, tukamlaza mtu ndani, tukamfukia.

Mchana Bi Mwanaidi, jirani yangu mzaliwa wa hapa, alipiga hodi akiwa amekwisha kuingia. Nilimsimulia yote haya.

"Wenzio wanazama baharini wakiifuata Ulaya," akasema, "wewe umepelekwa kwa ndege, unasusa. Una wazimu, mzee, au umeshiba?"

Nilimjibu kwamba nimeshiba. Akanipa pole, akala ndizi yangu, akaenda zake.

Jioni hii nilimpigia Neema. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba sirudi, na kwamba nchi ambamo mtu hukimbia salamu sitaki kufia ndani yake. Nilieleza kwa urefu. Nakiri kwamba nilifurahia kueleza.

Akasema, "Baba, hata mimi siku hizi nachungulia kwanza. Nikisikia mtu kwenye ngazi, nangoja apite."

"Tangu lini?"

"Tangu lile tangazo. Naona aibu."

Nilikuwa nimewadharau wakazi wote wa jengo lile, na nilikuwa nimesahau kwamba mwanangu ni mmoja wao.

"Ulipokuwepo," akaongeza, "nikitoka zamu kulikuwa na mtu wa kunifungulia."

Nimekaa na maneno hayo tangu taa zilipowashwa.

Nitakwenda. Uswidi sijaisamehe, na dharau yangu nitasafiri nayo; ndiyo mzigo pekee ambao hawataupima kwenye uwanja wa ndege. Nakwenda kwa sababu siwezi kumwacha binti yangu asimame nyuma ya mlango akingoja watu wapite, eti kwa kuwa baba yake alibisha hodi.

Asubuhi ya kwanza nitamshika mkono, tutashuka ngazi sote wawili polepole, na kila tutakayemkuta tutamsalimia. Asiyeitika, hilo ni lake.