Mafuta ya Nazi Yaliyoganda Tukuyu

Dada yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Hujambo, na goti lako limepata nafuu? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya Tukuyu haina huruma.

Juzi, maana siku hizi biashara ni ruksa, nilipanga chupa zangu za mafuta ya nazi sokoni. Mama mmoja wa Kinyala, hapa jirani, akapindua moja, kitu hakikutoka. Yameganda, meupe pe! Akapaza sauti: “Mwe bandu,” yaani enyi watu, “njoni muone! Mama wa Tanga anatuuzia mafuta ya nguruwe!” Mimi, mtu wa swala tano! Nikaanza kuapa.

Mwalimu mmoja wa sayansi, mgeni kama mimi, akanizuia. “Usiape, mama. Chembe za mafuta zikipata joto zinahangaika na kupishana, ndiyo maana yanamiminika. Baridi ikizibana, zinajipanga na kutulia. Weka chupa kwapani.” Nikaelewa papo hapo: swala ikikimiwa, waliozagaa uani mwa msikiti husimama safu.

Nikaibana chupa kwapani, ndani ya kanga. Yule mama akacheka. “Hata ya nguruwe huyeyuka!”

“Basi ngoja unuse,” nikamjibu.

Yalipoyeyuka nikamtilia kiganjani, harufu ya nazi ikajaa meza nzima. Akanusa, akajipaka mikono yote miwili, akasema kwa sauti ile ile ya mwanzo: “Nisamehe, dada. Lakini nipe hiyo hiyo ya kwapani, hizo nyingine zina baridi.”

Nawaombea heri, wewe na watoto. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Mwanahamisi